Kiatu cha Kushoto Kilichokuwa Kinapumua

Viatu vilinifikia katikati ya Juni, masika ikimalizia mvua zake. Ni oksfodi nyeusi za ngozi ya ndama, namba 9 ya Kiingereza, soli ya ngozi tupu. Vilitengenezwa Northampton, mji wa Uingereza ulioishi kwa kushona viatu karne nyingi, hata timu yao ya mpira jina lake la utani ni Mafundi Viatu. Mwenyewe ni wakili mstaafu wa hapa Mombasa. Alivinunua London zamani, alipokuwa bado anaingia mahakamani, na tangu hapo alikuwa amevitia soli mpya mara mbili. Ngozi ya juu haikuwa na ufa hata mmoja.

“Bwana fundi,” akaniambia, “hiki cha kushoto kinapumua.”

“Kinapumua vipi, mzee?”

“Nikikanyaga nasikia hewa yatoka hapa ubavuni.”

Nikakishika, nikakikunja kama mguu unavyokikunja mtu anapopanda ngazi. Upande wa kidole gumba ngozi ya juu ikaachana na welti, ule ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu juu ya soli, ukaonekana mwanya wa kupenya ukucha. Nilipoachia, vikarudiana. Kweli kilikuwa kinapumua.

Kisa hiki nakiandika chote, pamoja na kosa nililolifanya mwanzo, kwa sababu vijana wa kazi yetu huniuliza kila mara kwa nini nisipige gundi tu, mambo yakaisha.

Siku ile nami nilipiga gundi. Nilibandua kisigino, nikakata uzi wa soli, nikaing'oa. Chini yake kulikuwa na koki, ileile ya vizibo vya chupa, iliyosagwa na kukandwa na gundi ili kujaza uwazi. Pale mguu unapokanyaga zaidi koki ilikuwa imekimbia na kuacha shimo. Nilipoikwangua yote nikauona ugonjwa: mgongo umebanduka kwenye soli ya ndani, urefu wa sentimita 7.

Hapa lazima nieleze mgongo ni nini. Kiatu cha welti hushonwa mara mbili. Mshono wa kwanza hauonekani ukishamaliza kiatu. Unakamata soli ya ndani, ngozi ya juu pamoja na bitana yake, na welti. Mshono wa pili ndio ule unaouona ukitazama ukingo wa kiatu kwa juu. Unashika welti na soli ya chini. Faida yake ni kwamba soli ikilika unakata mshono wa pili peke yake, na mwili wa kiatu haubughudhiwi. Lakini ule mshono wa kwanza sharti upate pa kuuma upande wa chini wa soli ya ndani, na hapo pa kuuma ni tuta linaloizunguka soli kutoka ubavu hadi ubavu. Tuta hilo mimi naliita mgongo. Katika viatu vingi vya mashine vya siku hizi mgongo ni utepe wa turubai uliobandikwa. Uzi haugusi soli ya ndani kabisa. Uzi umeuma turubai, na turubai imeshikwa na gundi.

Basi nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikangoja ishike, nikaugonga mgongo kwa nyundo taratibu mpaka ukalala. Nikatia koki mpya, nikashona soli mpya, nikamtoza mzee shilingi 3,500. Akavivaa palepale, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akaridhika. Nami nikaridhika.

Novemba akarudi. “Mwanangu, pumu imerudi.”

Safari hii mwanya ulikuwa sentimita 16. Gundi yangu haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Ilishika vizuri mno mahali pengine, ikang'oa uso wa soli ya ndani na kuondoka nao. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyepesi, milimita 3 hivi, imekuwa tepetepe, ukiikwangua kwa kucha inatoka unga. Nilikiweka kiatu mezani siku mbili bila kukigusa.

Tatizo lenyewe ni hili. Gundi ina nguvu ikivutwa wima kwa uso wote, lakini ukianza kuibandua kwa pembe haina ubavu, kama unavyobandua stempu. Na mguu ndivyo unavyofanya. Kila ukikanyaga unatanuka, ngozi ya juu inavutwa nje, inauvuta uzi, na uzi unauvuta mgongo kwa ukingo wake, mahali palepale, hatua baada ya hatua. Ongeza jasho na chumvi yake, linalonywewa na soli ya ndani mwaka hadi mwaka. Ongeza joto la kaskazi, kiatu kimeachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha. Na kila soli inapobadilishwa, fundi anaing'oa kwa nguvu, na nguvu hiyo inafika kwenye mgongo. Kiatu hiki kilikuwa kimeng'olewa soli mara tatu, ya tatu nikiwa mimi.

Sipendi mtu asome hapa akaona naidharau mashine. Welti ya mashine inabeba jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kuupika mpira kwa salfa. Katika miaka ya 1870 aliijengea sifa mashine yenye sindano iliyopinda, iliyokuwa ikiiga mkono wa fundi, na ikaiga vizuri. Siku hizo mgongo uliinuliwa kutoka kwenye ngozi yenyewe ya soli ya ndani. Baadaye ngozi ile ikaongezewa turubai kuipa nguvu, mwisho turubai ikabaki peke yake, kwa kuwa ukiwa na utepe wa kubandika hauhitaji tena soli ya ndani nene na ya bei. Kwa hiyo kilichopotea ni ngozi nene, na wengi hawakuona ikipotea. Mzee alikuwa amevaa viatu vyake zaidi ya miaka kumi. Hiyo si kazi mbovu. Lakini kuna jambo jingine la kulijua: mshono wa kwanza wa mashine ni mnyororo wa uzi mmoja, sawasawa na mshono wa mdomo wa gunia la unga. Kila mtu amewahi kuuona uzi ule ukipatikana ncha yake unavyofumuka wote kwa mvuto mmoja.

Njia zilizokuwepo ni tatu. Kubandika utepe mpya wa turubai, ambao ningekuwa naubandika kwenye ngozi iliyokwisha kuoza. Kushona moja kwa moja kutoka ndani hadi nje ya soli, kazi ya haraka, lakini matundu yanapitisha maji mpaka kwenye soksi, na welti inakuwa pambo tu. Au kuitoa soli ya ndani, kuweka nyingine nene, kuchonga mgongo ndani ya ngozi yenyewe na kushona kwa mkono.

Nikampigia simu, akaja.

“Mzee, ile kazi ya Juni niliikosea. Nilibandika penye kutakiwa kushonwa.”

“Na sasa wataka kufanyaje?”

Nikamweleza, nikamwambia itachukua siku kumi na moja au kumi na mbili.

“Siku kumi na mbili! Suti nzima nashonewa kwa siku tatu.”

“Suti haikanyagwi, mzee.”

Akakishika cha kulia. “Na hiki?”

Nilikuwa nimeshakipima. Nilikikunja, nikakibana ubavuni kote, hakikufunguka hata uzi wa kupenya. “Hicho kimeshika. Sikigusi.” Akanyamaza kidogo. “Haya, wajua wewe.” Bei ilikuwa shilingi 14,000, nikaziondoa zile 3,500 za Juni, kwa kuwa kazi ile haikuwa imefanyika.

Soli ya ndani niliikata kwenye bega la ng'ombe, unene wa milimita 5 na nusu, ngozi iliyodabaghiwa kwa magome. Ngozi ya kromu, yaani iliyodabaghiwa kwa dawa ya madini badala ya magome, haifai hapa: ni laini na ya kunyumbuka, ukiichonga mgongo unalala kama mkate uliolowa, tena haikamati umbo la mguu. Ngozi ya magome ikilowa inakuwa kama udongo, ikikauka inabaki ulivyoiacha. Magome yenyewe kwetu ni ya miwati, mti wenye asili ya Australia uliopandwa nyanda za juu za Kenya na kule Njombe, Tanzania, na dawa yake husafirishwa hata nje. Waingereza wanayo ya mwaloni. Huko Colyton, jimbo la Devon, lipo karakana ambalo bado linaziacha ngozi za soli mashimoni kwenye maji ya magome zaidi ya mwaka. Mimi ngozi yangu haikukaa muda huo, lakini nilipoikata kwa kisu ilikuwa imeiva rangi moja kutoka juu hadi chini, na hicho ndicho ninachokitazama kwanza.

Kalibu ilinipotezea siku mbili nzima. Kiatu hakiwezi kushonwa upya bila umbo la mti lililomo ndani yake, na kalibu yake ilibaki Northampton. Nilikuwa na ya mbao iliyokaribia; nikaongeza vipande vya ngozi juu ya kiwiko cha mguu, nikapunguza kwa tupa pembeni ya kidole kidogo, nikaingiza, nikatoa, nikaingiza tena, mpaka ngozi ya juu ikakaa bila kunyanzi na bila kulia. Soli ya ndani niliiloweka usiku kucha, nikaipigilia kwenye kalibu kwa misumari midogo, nikaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kuiacha kivulini. Isipigwe jua: uso ukikauka kabla ya moyo, unapasuka.

Kuuchonga mgongo ndipo pa kutulia. Katika kiatu kipya fundi anaacha ngozi ya juu ndefu ya kukunjia chini, hivyo anauweka mgongo anapotaka. Mimi nilikuwa na ngozi ya juu iliyokwisha kukatwa fupi na mashine, tena imejaa matundu ya zamani. Ningeuweka mgongo ndani milimita 3 tu zaidi, ngozi isingefika. Kwa hiyo nilichora mstari mahali palepale ulipokuwa mgongo wa turubai. Nikapasua mfereji upande wa ndani, nikapunguza ngazi upande wa nje, katikati likabaki tuta la ngozi iliyo mwili mmoja na soli. Hakuna gundi. Hata ungetaka kulibandua, huna pa kuanzia.

Kisha matundu. Nilitoboa 54 kwa maharazi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, yaliyopinda, kila milimita 9, yakiingia upande wa ndani wa tuta na kutokea kwenye pembe ya nje. Nilichagua nafasi hiyo kwa sababu mashine ilikuwa imeshona karibukaribu zaidi, na kila tundu la pili la zamani likaangukia kwenye langu, hivyo sikulazimika kuitoboa upya ngozi iliyochoka. Mahali pamoja, karibu na kidole kidogo, ngozi ilikuwa imechanika sentimita 2. Hapo nilishona kwanza kipande chembamba cha ngozi ya mbuzi kwa ndani. Tundu likipita juu mno mgongo utakatika, likishuka mno ncha itatokea mguu unapokanyaga. Unaisikia mkononi: ngozi nene inakaza taratibu na kwa usawa, na ukikosea njia mkazo unapungua ghafla. Hapo unarudi.

Uzi ni wa kitani, nyuzi kumi. Haukatwi kwa mkasi. Kila uzi unaviringishwa juu ya paja kinyume cha msokoto wake mpaka unajiachia wenyewe na kubaki na mkia mwembamba, kisha mikia inapangwa ngazi kwa ngazi ili ncha ya kamba nzima iwe nyembamba kama ya sindano. Urefu ni pima mbili. Unasokotwa, unasuguliwa kwa mchanganyiko wa ulimbo wa msonobari na nta. Ulaya wakati wa baridi mchanganyiko hulainishwa zaidi. Huku pwani mimi nazidisha ulimbo, la sivyo uzi unakuwa utelezi mkononi.

Kwenye ncha, mafundi wa Ulaya tangu zamani hufunga nywele ngumu za nguruwe mwitu badala ya sindano, kwa kuwa zinapinda kufuata tundu lililopinda. Mimi sizigusi, na wengi wa wanaonijia wasingetaka kuzivaa. Natumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, kipande kifupi kinachosukwa pamoja na mkia wa uzi, na unapenya vizuri. Mafundi wengi wa huko nao siku hizi wanatumia nailoni au waya mwembamba. Ami yangu, aliyenifundisha kushona makubadhi Mji wa Kale nikiwa kijana, alikuwa akitumia uzi wenye ncha mbili vilevile, ncha zikipishana ndani ya tundu moja. Nilipouona mshono wa welti mara ya kwanza sikuona ugeni.

Mshono unakwenda hivi. Maharazi yanapita mgongo, bitana, ngozi ya juu na welti kwa pigo moja. Kabla tundu halijajifunga, ncha moja inaingia kutoka ndani, ya pili kutoka nje, kwenye tundu hilohilo. Uzi mmoja unazungushwa nusu fundo juu ya mwenzake. Kisha unavuta kwa mikono yote miwili, kiganja kimefungwa kipande cha ngozi, la sivyo uzi utakukata. Uzi ukikaza unalia, unapata moto kwa msuguano, ulimbo unayeyuka na harufu yake inapanda. Unashikilia pumzi mbili tatu. Ulimbo unapoa ndani ya tundu na kuliziba. Tundu hilo limekwisha: hata uzi wa pembeni yake ukatike kesho, hili halifumuki.

Matundu 54 yalinichukua saa nne na nusu. Mashine haifiki dakika moja. Ninasema hivi kwa sababu ndiyo sababu ya kweli ya bei, na mteja ana haki ya kuijua.

Yaliyobaki ni kazi ya kawaida ninayoifanya kila wiki. Kwa kuwa mgongo wa ngozi ni mfupi kuliko wa turubai, uwazi wa kujaza ni mdogo, nikatosheka na kipande cha felti badala ya koki nyingi yenye kukimbia. Soli ya milimita 5, mshono wa pili umefichwa ndani ya mfereji uliofunikwa, kisigino kimeshikwa kwa vijiti vya mbao badala ya misumari, maana msumari wa chuma katika hewa yetu ya chumvi unakula ngozi inayouzunguka. Nilipoviweka viwili pamoja juu ya kioo, cha kushoto kilikuwa chini milimita moja. Nikakiongezea tabaka jembamba kisiginoni na mbele, vikalingana.

Akavichukua mwanzoni mwa Desemba. Wiki ya kwanza akapiga simu.

“Mwanangu, hiki cha kushoto chaniuma kama kiatu kipya.”

“Ndani ni kipya, mzee. Kipe muda.”

Ngozi nene haikuzoei siku moja. Baada ya kama wiki tatu alipita mwenyewe, akakivua, akanionyesha. Soli ya ndani ilikuwa imeanza kuchorwa vidole vyake vitano, na kisigino kimeshuka kibakuli chake. Cha kulia, kilichovaliwa zaidi ya miaka kumi, hakina alama hiyo. Ngozi yake ni nyembamba, na kilichokuwa kikibonyea ni koki iliyo chini.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba mzee ananipa kipimo ambacho nisingekipata kwa kukitafuta: mguu mmoja kwa mkono, mguu mmoja kwa mashine, mwendo ule ule, jasho lile lile, kaskazi ile ile ndani ya gari lile lile. Nikamwomba avilete kila miezi michache, sitamtoza. Aprili nilikikunja cha kushoto, hakikufunguka. Cha kulia pia hakikufunguka. Agosti cha kushoto kilikuwa vilevile, welti na ngozi ya juu vimekaza kama siku ya kwanza.

Cha kulia kilipumua. Kidogo, upande wa kidole gumba, sentimita 4 kwa kupima na kijiti. Mzee alikuwa hajakisikia bado.

“Nikibandue?” nikamuuliza.

Akanitazama, akavua na cha kushoto akaviweka vyote viwili mezani. “Siku kumi na mbili,” akasema, akatoa kandambili kwenye mfuko. Alikuja nazo.

Kalibu ya kulia nimeshaiongezea ngozi juu ya kiwiko cha mguu. Soli yake ya ndani imo beseni tangu jana usiku.